Aliyepasuliwa Apungue Unene Atapata Wapi Nguvu za Mazoezi?

Katika kambi za jeshi na nyumba za polisi mazoezi ya mwili hayana mjadala. Kipenga hupigwa alfajiri, askari hutoka, mchakamchaka huanza, na atakayechelewa anayajua malipo yake. Kwa hiyo mtu aliyezoea desturi hiyo, awe askari mwenyewe, mkewe au mtoto wake, hustaajabu akisikia kwamba yuko mtu mzima, aliyekwisha kupona kidonda cha upasuaji, aliyepungua kilo 20 au 30, ambaye hata hivyo hawezi kuinuka kitini akatembea mpaka langoni. Humwita mvivu. Wengine huongeza kwamba mtu huyo amekwisha kugharimu fedha nyingi akapasuliwa tumbo, je, sasa abembelezwe kwa lipi tena?

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Uchovu unaomshika mtu baada ya upasuaji wa kupunguza unene una sababu zake mwilini, na nyingi katika hizo zaweza kupimwa na kutibiwa. Ama hamu ya mazoezi, hiyo haiji kwa kukemewa. Aghalabu huja nyuma ya mwendo. Anayelala akingoja hamu imshike ndipo atoke, huenda akangoja mpaka misuli ya mapaja yake imekwisha kusinyaa.

Upasuaji wenyewe si jambo jipya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1966 Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, pamoja na mwenzake Chikashi Ito, waliufanya wa aina ya kwanza ya kuunganisha tumbo na utumbo kwa njia ya mkato, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walikuwa wakipungua uzito. Leo njia mbili ndizo zitumikazo zaidi. Katika njia moja daktari huondoa robo tatu au zaidi ya tumbo, na kinachosalia huwa chembamba kama ndizi. Katika nyingine hutengwa kifuko kidogo kama yai, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, ili chakula kipite pembeni bila kuingia katika sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Njia zote mbili siku hizi hufanywa kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo. Nairobi ziko hospitali zinazoufanya upasuaji huu, na wako wanaosafiri hadi India. Lile puto linaloingizwa tumboni kwa kupitia kinywani, ambalo hospitali ya Mloganzila ya Dar es Salaam ilianza kuliweka mwaka 2022, si upasuaji. Hutolewa baada ya miezi kadhaa na tumbo hubaki kama lilivyokuwa.

Wala haufanywi kwa mtu aliyeona suruali ya sare imembana kidogo. Kwa kipimo kilichokubaliwa na vyama vya madaktari wa kazi hiyo mwaka 2022, mtu mwenye urefu wa mita 1.70 huweza kushauriwa upasuaji akiwa na kilo 101 au zaidi. Chini ya hapo inategemea magonjwa aliyo nayo, hasa kisukari. Huyu si mtu wa kupewa adhabu ya kuzunguka uwanja mara tano.

UCHOVU UNAKOTOKA

Sababu ya kwanza ni chakula. Katika wiki za mwanzo mgonjwa hunywa supu nyepesi, maziwa na uji mwembamba. Kisha hupewa vyakula vilivyopondwa, na baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili ndipo huanza kula cha kutafuna kama watu wengine, lakini vijiko vichache tu. Mwili uliozoea sahani mbili za posho sasa haupati hata robo yake. Hapo huanza kula akiba yake wenyewe. Yanayokusudiwa kuliwa ni mafuta. Bali mwili hauchagui kwa uangalifu kama mwenye nyumba anayechagua kuni, na misuli nayo huingia motoni. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye hasara kubwa zaidi ya misuli. Mtu hujiona mwepesi kwenye mizani, lakini akipanda ngazi miguu hutetemeka, naye hushangaa kwa nini kilo zimepungua na nguvu zimepungua pamoja nazo.

Dawa ya hilo ni protini, na hapa mwenye jiko ana kazi kubwa kuliko daktari. Kiasi kinachoshauriwa ni gramu 60 kwa siku angalau. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, vikombe viwili vya maziwa gramu 16, kipande cha samaki wa kupikwa cha gramu 100 kina gramu 20 na ushei, nusu kikombe cha maharagwe gramu 7 au 8. Ukijumlisha unakaribia 60. Sahani ya matoke ya gramu 300 haifikishi gramu 5, na tumbo jipya likijazwa matoke halina nafasi ya kingine. Kwa hiyo aliyepasuliwa huanza na samaki, yai au maharagwe, na matoke humalizia ikiwa mahali papo. Kwa familia zenye mshahara wa askari wa kawaida nyama ya kila siku ni ndoto, lakini dagaa wa kukaushwa, ambao hapa Uganda huitwa mukene, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wakioshwa vizuri mchanga ukatoka, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, unga wao hutiwa katika uji au mchuzi, na kijiko kimoja kikubwa si haba.

Sababu ya pili ni maji. Tumbo dogo haliwezi kupokea bilauri nzima kwa pamoja, na mgonjwa hukatazwa kunywa anapokula na kwa nusu saa baadaye. Basi siku hupita bila yeye kunywa hata lita moja, ilhali anahitaji lita moja na nusu au zaidi. Kichwa humuuma, mkojo huwa wa rangi ya chai, akiinuka huona kizunguzungu. Chupa iliyowekwa karibu, ikinywewa funda moja moja tangu asubuhi, mara nyingi huondoa uchovu ambao mtu alidhani ni wa mifupa.

Kisha liko suala la damu. Madini ya chuma huingia mwilini zaidi katika mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali hasa ambapo chakula hakipiti tena kwa aliyeunganishwa utumbo. Vitamini B12 nayo huhitaji tindikali na kiini kingine kinachotengenezwa na tumbo lenyewe, na tumbo sasa limepunguzwa. Kwa hiyo vidonge vya madini na vitamini, na kwa wengine sindano ya B12, ni vya maisha yote. B12 ina hila yake: ini huweka akiba ya miaka, basi mtu huacha dawa, akajiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, upungufu ukamjia baadaye wakati amekwisha kusahau kwamba aliwahi kupasuliwa. Akina mama wanaoendelea kupata hedhi hupungukiwa damu upesi zaidi. Na jambo dogo la nyumbani linaloharibu kazi ya daktari ni chai. Kidonge cha chuma kikimezwa pamoja na chai au kahawa, au pamoja na kidonge cha kalsiamu, sehemu kubwa yake hupotea bure. Kimezwe kwa maji, na chai ingoje saa mbili.

Wako pia wanaochoshwa na dawa zao za zamani. Mtu alikuwa akimeza vidonge vya shinikizo la damu na vya kisukari kwa kipimo cha mwili wa kilo 120. Uzito unaposhuka, kipimo kile kile huteremsha shinikizo au sukari kupita kiasi; mtu hutoka jasho jembamba, mikono hutetemeka, hulala mchana kutwa. Hapo hakuna mazoezi yatakayomfaa kabla daktari hajapunguza dawa. Asizipunguze mwenyewe.

Hali nyingine huwapata hasa waliounganishwa utumbo. Wakinywa soda, au chai yenye vijiko vinne vya sukari, moyo hupiga mbio, tumbo hunyonga, kichwa huwa chepesi, wakatamani kulala chini hapo hapo. Sukari imeingia katika utumbo kwa ghafula. Yule anayekunywa soda ili apate nguvu za kutembea hujinyang'anya hata zile alizokuwa nazo.

JERIKANI LA MAJI

Siku ile ile ya upasuaji, au kesho yake, wauguzi humwinua mgonjwa akatembea hatua chache wodini. Hawamtesi, damu iliyotuama miguuni huweza kuganda, na bonge likipanda mpaka mapafuni huua. Tangu siku hiyo kutembea ni halali. Kunyanyua ndiko kunakokatazwa. Kwa wiki nne mpaka sita, kwa kadiri daktari wake atakavyoelekeza, mgonjwa asiinue kitu kinachozidi kilo 5 hivi.

Kilo 5 ni ngapi nyumbani? Jerikani la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu jerikani lenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja anakaribia kilo 10. Sufuria ya posho ya watu wanane, gunia la mkaa, mchi wa kutwangia karanga, jembe, vyote vimo katika marufuku. Bibi aliyepasuliwa akirudi nyumbani siku ya nne na kukuta bomba la kambi limekauka, kishawishi cha kwenda kisimani ni kikubwa, hasa kwa kuwa majirani wakimwona amekaa watasema. Hapa ndipo mume na watoto wakubwa wanapopaswa kujipanga kabla, na si baada ya kidonda kufumuka. Askari anayejua kupanga zamu ya lindo hashindwi kupanga zamu ya maji.

Wiki ya kwanza nyumbani dakika 5 za kutembea, mara tatu au nne kwa siku, zatosha. Wiki ya pili ziwe 8 au 10. Mtu aongeze dakika chache kila wiki, kwa namna kwamba baada ya miezi miwili au mitatu anatembea dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, ambazo ndizo kiwango cha chini kilichotajwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwa watu wazima wote. Anayeweza kufika 300 hufaidika zaidi. Mwendo uwe wa kumwezesha kuzungumza lakini si kuimba. (Askari watacheka kusikia hivyo, maana wao hukimbia wakiimba, lakini wao hawakufunguliwa tumbo, na wengi wana miaka 22.)

Daktari akimruhusu, mazoezi ya misuli yaongezwe siku mbili kwa wiki, kwa sababu kutembea peke yake hakurudishi nyama ya mapaja na mabega. Hayahitaji chombo cha kununua. Kuketi kitini na kusimama bila kushika mikono, mara 8, kupumzika, kisha mara 8 tena. Kusukuma ukuta kwa viganja vyote viwili, miguu ikiwa nyuma hatua moja. Kupanda na kushuka kizingiti. Chupa mbili za maji za lita moja ni vyuma vya kutosha kwa mwanzo.

AMRI NA HAMU

Hata hivyo wako waliopata chakula, maji na damu ya kutosha, na bado hawatoki. Kwa hao kizuizi hukaa kichwani, na inafaa kusema wazi kwamba desturi za kambi zenyewe huchangia. Kwa askari mazoezi mara nyingi yamekuwa amri, na mara nyingine adhabu. Aliyekosea hupiga pushapu, hurukishwa kichura, huzungushwa uwanja na mzigo mgongoni. Mwili hujifunza kwamba jasho maana yake ni kosa. Na aliyekuwa mnene tangu ujana aliipata adhabu hiyo zaidi ya wenziwe, mbele ya macho ya watu, akiwa wa mwisho katika mstari. Siku anapoambiwa na daktari afanye mazoezi peke yake, bila kipenga wala koplo wa kumfokea, hakuna kinachomsukuma. Kumbukumbu zilizomo moyoni zote zinamvuta nyuma.

Wapo wanaojaribu kujifokea wenyewe. Hujiamrisha kukimbia kilomita 5 siku ya kwanza, wakaumwa goti, wakalala wiki mbili, wakahitimu kwamba hawafai.

Tazama habari za Diego Maradona, kwa maana mashabiki wa mpira wanamkumbuka akiwa jukwaani amenenepa mpaka kupumua kwa taabu. Mwezi Machi 2005 alifanyiwa upasuaji wa aina hii katika mji wa Cartagena, Colombia, akapungua kilo 50 hivi. Miezi mitano baadaye alianza kipindi chake cha televisheni mjini Buenos Aires, mgeni wake wa kwanza akiwa Pelé, na watazamaji wakawaona wakongwe hao wawili wakirushiana mpira kwa vichwa. Mwezi Mei 2006 alicheza mechi ya hisani katika uwanja wa Old Trafford, Uingereza, akafunga penalti. Hayo hayakufanywa na koplo. Alirudishiwa kitu alichokipenda, na mwili uliopungua ukamruhusu kukifanya. Lakini haki itendeke kwa ukweli wote: uzito ulimrudia, na mwaka 2015 alilala tena juu ya meza ya upasuaji nchini Venezuela. Alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 60. Kisu kilimfungulia mlango mara mbili, na hakuna kisu kinachoweza kumshikia mtu mlango huo kwa miaka 15.

Watafiti wa Uswidi, waliowafuatilia wagonjwa wao tangu mwaka 1987, waliona vivyo hivyo kwa watu wasio mashuhuri: uzito hushuka kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha huanza kurudi kidogo kidogo, ingawa wengi hawarudi walikotoka. Miaka hiyo miwili ya mwanzo, basi, ndiyo ya kujenga mazoea, wakati mwili ni mwepesi na moyo una furaha.

Kwa hiyo swali la kumuuliza aliyepasuliwa si “umekimbia?” Aulizwe alikuwa akipenda nini kabla unene haujamfunga. Huyu alicheza ngoma harusini mpaka usiku wa manane. Huyu alikuwa golikipa wa kikosi. Mwingine alipenda bustani yake ya mboga nyuma ya nyumba. Kucheza muziki wa redio sebuleni dakika 15 ni mazoezi. Kupalilia sukumawiki ni mazoezi, baada ya zile wiki sita. Inasaidia pia kufunga mwendo na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku kwa saa ile ile: mara baada ya watoto kwenda shule, au kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Jambo likisha kupewa saa yake halihitaji kuamuliwa upya kila siku, na ni katika kuamua ndipo watu wengi huchokea.

Na aandike. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambao wagonjwa walivalishwa vipimo vya mwendo kabla ya upasuaji na miezi 6 baadaye. Kwa vinywa vyao wagonjwa walisema wameongeza mazoezi mara nyingi. Vipimo havikuonyesha ongezeko la maana. Hawakuwa waongo. Mtu aliyechoka huhesabu taabu, hahesabu hatua. Kalamu na kalenda ya ukutani, dakika za kila siku zikiandikwa chini ya tarehe, husahihisha hesabu hiyo bila kumgombeza mtu.

Asitazame mizani sana. Majaribio mengi yameonyesha kwamba mazoezi baada ya upasuaji huongeza upungufu wa uzito kidogo tu, kilo chache. Anayefanya mazoezi kwa ajili ya mizani atavunjika moyo mwezi ambao mizani itasimama, nao hauna budi kuja. Faida iliyo kubwa huonekana kwingine: misuli hubaki, sukari hutumika vizuri, pumzi huongezeka. Mtu anaweza kuinama akafunga kamba za viatu vyake bila kushikilia pumzi. Hicho ni kipimo kizuri kuliko kilo.

MACHO YA MAJIRANI

Liko jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa nadra. Katika miaka ya 1980, ugonjwa wa ukimwi ulipoonekana Rakai, wananchi waliuita Silimu, kwa sababu waliougua walikonda upesi. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa Uingereza waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la The Lancet. Jina hilo halijasahaulika katika vinywa vya watu. Mwanamke aliyekuwa na kilo 115, ambaye mashavu yake yalihesabiwa kuwa dalili ya mume anayemtunza, akionekana na kilo 80 baada ya miezi michache, ngozi ya shingo ikimning'inia, minong'ono huanza kisimani. Naye akiisikia hujifungia ndani, na zile dakika 30 za kutembea hufa hapo.

Kila mtu ana haki ya kunyamaza kuhusu mwili wake. Lakini wengi waliopitia njia hii huona nafuu wakimwambia ukweli jirani mmoja anayeheshimiwa, mama mwenye sauti katika safu ya nyumba zao, habari ikasambaa kwa kinywa kilicho salama. Zaidi ya hapo, hakuna kinachonyamazisha minong'ono kama mume kutoka na mkewe jioni, bega kwa bega, wakatembea mpaka lango kuu na kurudi, watu wakiwatazama. Ikiwa aliyepasuliwa ni askari mwenyewe, mkewe amwambie kwa upole, “Baba watoto, nisindikize dukani,” hata kama dukani hakuna kinachohitajika. Mtu anayekataa kutembea kwa ajili yake mwenyewe mara nyingi hukubali kumsindikiza mwenzake.

Kantini nayo itajwe. Kwa aliyepasuliwa, hasa aliyeunganishwa utumbo, pombe hupanda upesi kuliko zamani na kwa kiasi kidogo. Wako waliozoea kujiliwaza kwa chakula, na chakula kilipofungiwa mlango wakakimbilia waragi. Wachunguzi wa Marekani waliona matatizo ya pombe yakiongezeka hasa tangu mwaka wa pili. Askari akianza kuchoka asubuhi, kukasirika bila sababu na kukwepa matembezi, mke asifikirie damu tu. Huzuni kubwa isiyoondoka kwa wiki mbili nayo ni ugonjwa, na daktari aambiwe.

WAKATI WA KUSIMAMA

Kuna uchovu usiotembelewa. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kwa ghafula, kuvimba mguu mmoja, homa, kuzimia: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kutapika kusikoisha kwa siku kadhaa kusidharauliwe hata kidogo. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, nyayo hufa ganzi, mtu huyumba kama mlevi, macho hayatulii, akili huchanganyikiwa. Yametokea ya watu kuambiwa wanajilegeza wakati mishipa yao ya fahamu ilikuwa ikiharibika, na ucheleweshaji wa siku chache huweza kuacha kilema cha maisha. Damu ipimwe baada ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka, hata kama mtu anajiona ana nguvu za kushindana na vijana.

Askari anayerudi kazini apeleke barua ya daktari kwa afande wake, ieleze ni lini ataweza kubeba mzigo na kurudi katika mchakamchaka; kujikaza kimya ili aonekane mwanamume hakumsaidii yeye wala kikosi. Akihamishwa kituo, achukue vidonge vya kutosha miezi mitatu pamoja na nakala ya cheti cha upasuaji. Mganga wa kituo kipya hawezi kujua kwa kumtazama kwamba tumbo alilo nalo si lile alilozaliwa nalo. Magoti yakianza kumuuma kwa sababu ya mazoezi, kama yaumavyo kwa wengi wanaoanza, mganga huyo, au mwenye duka la dawa lililo karibu na lango, atampa diklofenaki au ibuprofeni, dawa ambazo kwa aliyeunganishwa utumbo huchimba kidonda pale pale paliposhonwa. Aombe parasetamoli, apumzishe goti siku mbili, na siku ya tatu atembee nusu ya mwendo aliokuwa ameufikia.